Springi Hazidanganyi

Wodi ya Vijana
Jumatatu, 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Usishtuke kuona barua, sijapata wazimu juu ya ugonjwa. Simu zetu zimefungiwa kwenye kabati la Sista na tunapewa Jumapili tu, nusu saa, na nusu saa hiyo Mama anakuwa amekaa hapa hapa kitandani kwangu akilia. Sasa nimpigie nani? Yule dereva wa lori unayemwita Taratibu alileta mfuko wako wa sabuni getini, akasema kila Ijumaa anapita huko kwenye kituo chako cha mizani, niandike chochote atakufikishia. Basi huyo ndiye posta wetu, na kwa mwendo wake ninavyousikia, barua hii utaisoma ukiwa umestaafu.

Wodi ina vitanda sita na wagonjwa wanne, wote wasichana, wote tunaumwa kitu kimoja: tunaogopa kula. Daktari ana jina refu la ugonjwa huu, analitamka kama anasoma kibao cha duka la dawa. Kitanda cha pili yuko mmoja nimempachika jina la Redio kwa sababu hazimwi. Ananieleza habari za paka wao tangu asubuhi. Nisingekuwa naye sijui ningefanyaje, maana mchana hapa ni mrefu.

Tunalishwa mara sita kwa siku, na kila mlo una nusu saa yake. Sista anakaa mezani kama msimamizi wa mtihani, sisi watahiniwa. Ukimaliza unakaa kwenye kiti saa nzima bila kusimama, na hiyo saa, Baba, ndiyo mbaya. Moyo unanidunda hadi masikioni. Mshauri amenipa daftari la kuandika alama za woga, sifuri hadi kumi. Mkate wenye siagi: tisa. Maziwa: nane. Barua hii: mbili.

Daktari anasema mwili uliokosa chakula hutia akili hofu, kwa hiyo nile kwanza, hofu itapungua baadaye. Mimi nikamwambia hofu ipungue kwanza ndipo nile. Akacheka, lakini sikuwa natania.

Usimwambie Mama kuhusu moyo kudunda.

Unyoya wako


Kituo cha Mizani
Ijumaa, 7 Machi

Unyoya wangu,

Marahaba, mwanangu. Taratibu amefika leo na barua yako kifuani kama hati ya kiwanja. Nimeisoma malori matatu yakiwa yamepanga foleni, na madereva wakapiga honi wee, nikawaacha.

Huku hakuna jipya. Barabara, upepo, na kontena letu lenye madirisha mawili. Mwenzangu wa zamu amehamishwa na mbadala wake hajaletwa, kwa hiyo usiku naongea na moto wa jiko. Napika sufuria moja, nakula nimesimama mlangoni. Nikikumbuka unavyokaa mezani na kuangaliwa na Sista, naona afadhali yako una mtu wa kukuangalia. Hilo ni utani, usinikasirikie.

Kazi ni ile ile ya kubishana na watu wazima. Dereva akizidisha mzigo hana aibu, anajaribu kila njia ili mizani isome pungufu. Jana mmoja alipita vizuri kabisa, namba ikakubali, nikaanza kuandika tiketi yake. Kisha nikachungulia chini. Springi za lori zimelala kabisa kwa uzito. Nikamwambia, "Mzee, namba yako imekubali lakini springi zimekataa. Rudi nyuma tukupime tena." Aliporudiwa kupimwa akatoka na tani mbili zaidi. Akacheka mwenyewe. Wewe unajua, mtoto wa mizani, nilikufundisha kusoma springi kabla hujajua kusoma herufi.

Unakumbuka ulivyokuwa unaruka juu ya bamba la mizani nami napiga kelele dirishani, "Sifuri! Mizani haijakuona, wewe unyoya tu"? Mashine ile inasoma kwa hatua ya kilo hamsini, mtoto mdogo inamwona si kitu. Ulikuwa unacheka hadi unakaa chini.

Kula, mwanangu. Msikilize daktari. Nimeomba ruhusa, nitakuja kukuona Jumamosi tarehe 22.

Baba


Wodi ya Vijana
Ijumaa, 14 Machi

Baba,

Shikamoo. Nina habari njema, kwa hiyo soma ukiwa umekaa. Uzito wangu umepanda. Tunapimwa Jumatatu na Alhamisi, na mara tatu mfululizo namba imepanda kila mara. Sista ameandika kwenye karatasi iliyoning'inizwa miguuni pa kitanda, mstari unapanda kama ngazi. Daktari amesema ikiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi nitapewa ruhusa ya siku tatu nyumbani. Nimeshamwambia Mama anitandikie kitanda changu dirishani, si kile cha ukutani.

Mama alifurahi akaleta Shangazi siku ya Jumapili. Shangazi alinishika mashavu akasema, "Ee, sasa una afya." Unajua kwetu "una afya" maana yake nini. Ndilo neno wanalompa mtu akishindwa kufunga vifungo vya gauni. Alinipenda tu, najua. Ila baada ya kuondoka niliandika kumi kwenye daftari na sikuwa hata nimekula kitu. Hapa kila mtu anataka niwe na afya, daktari anasema afya, bango la ukutani linasema afya, na kila likitajwa naona vifungo.

Lakini yote hayo si neno. Namba inapanda. Redio anasema nina bahati, yake imekwama. Nikamwambia ajitahidi. Nilijisikia vibaya kumwambia hivyo, sijui kwa nini.

Ninahesabu siku hadi tarehe 22. Usilete chakula, tafadhali. Lete magazeti.

Unyoya wako


Kituo cha Mizani
Jumatatu, 24 Machi

Mwanangu,

Nilifika salama. Taratibu alinibeba hadi njia panda, kwingine nikatembea. Nashukuru nilikuona. Ulinichekesha kwa ile habari ya Sista na miwani yake, nilicheka peke yangu njiani mpaka Taratibu akaniuliza kama naumwa.

Kama nilionekana mnyamavu nilipoaga, ni uchovu tu. Safari ndefu na umri umeenda.

Huku upepo umezidi. Bati moja la choo limeruka, nimeliokota ng'ambo ya barabara. Malori ni machache wiki hii.

Chochote kitakachotokea huko, ujue baba yako yuko upande wako.

Baba


Wodi ya Vijana
Ijumaa, 28 Machi

Baba,

Sina salamu nzuri leo, unisamehe.

Jumanne, siku ambayo si ya kupimwa, Sista alikuja saa kumi na moja alfajiri akaniamsha. Hakuniambia kitu, akanipa gauni jepesi la karatasi, akanipeleka kwenye mizani hivi hivi na usingizi wangu. Daktari alikuwepo tayari. Kwa hiyo walijipanga. Namba waliyoiona haikufanana na ile ya kwenye ngazi yangu. Unaelewa ninachosema. Sitaandika nilikuwa nafanyaje, naona aibu, na zaidi ya aibu naona hasira.

Ruhusa imefutwa. Kitanda cha dirishani kitalala chenyewe. Sasa napimwa siku yoyote wanayotaka, nimegeuza mgongo, sioni namba. Sista anakaa nami mpaka chooni, mlango uko wazi. Nina miaka kumi na sita na ninasindikizwa chooni kama mtoto wa chekechea.

Kuna mtu amesema. Sista hakulala akaota. Na ninamjua. Redio peke yake ndiye anayelala hatua mbili kutoka kwangu, na yeye namba yake ilikuwa imekwama, alikuwa ananionea kijicho. Kikulacho ki nguoni mwako, Bibi alikuwa akisema, nami nilikuwa nadhani anasema viroboto.

Nilimwambia Redio mbele ya wote kwamba nitamkumbuka kwa hili. Alilia akaapa si yeye. Nikamwambia anyamaze, kwa mara ya kwanza maishani mwake anyamaze. Na kweli amenyamaza. Siku tatu sasa wodi haina sauti isipokuwa vijiko.

Niambie kitu, Baba.

Unyoya


Kituo cha Mizani
Jumatano, 2 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imeniumiza. Nimeisoma mara nyingi.

Siku tatu za nyumbani zitakuja tu, hazijaenda popote. Hao madaktari wanakutakia mema hata wakikuamsha alfajiri. Na mlango wa chooni, vumilia, ni wa muda.

Kuhusu huyo rafiki yako, usimhukumu haraka. Huna ushahidi. Mtu akishalaumiwa mbele za watu, kumrudishia heshima yake ni kazi kubwa. Labda aliyesema hakuwa na kijicho. Labda alikuwa anaogopa. Mpe mkono tu, yaishe.

Nimekupelekea magazeti mengine na soksi. Upepo bado.

Baba


Wodi ya Vijana
Jumatatu, 7 Aprili

Baba,

Shikamoo. Soksi nimezipata.

Nilikuomba uniambie kitu ukaniambia habari za upepo. Sikulaumu. Wewe ndiye mtu pekee anayeniandikia bila kunishauri sana, lakini safari hii ulishauri, na ukamtetea asiyekuhusu.

Ushauri wenyewe hauhitajiki tena. Redio ameomba ahamishwe, wamempeleka chumba cha mwisho wa ujia. Alibeba godoro lake mwenyewe, hakuniangalia. Nilimwambia jambo moja zaidi alipokuwa anatoka, kuhusu mwili wake, jambo ambalo nilijua litamfika. Sisi wenye ugonjwa huu tunajua mahali pa kuchoma. Usiku huo hakula. Nilimsikia Sista akimbembeleza hadi saa ya kuzima taa.

Sasa kitanda cha pili ni fremu ya chuma. Hawa wengine wawili ni wadogo, wanachora. Mchana nahesabu vigae vya ukuta, jioni nahesabu vile vya sakafu. Mkate: tisa. Maziwa: tisa. Wali: kumi. Daktari anasema hofu itapanda kabla ya kushuka kwa sababu sasa chakula kinaingia kweli. Eti hiyo ni dalili nzuri. Hawa watu wana dalili nzuri kwa kila kitu kinachoniumiza.

Nilikuwa na watu wawili, Redio na wewe. Sasa nina wewe. Usiniache na upepo.

Unyoya


Kituo cha Mizani
Ijumaa, 11 Aprili

Mwanangu,

Niliyesema ni mimi.

Nimeanza barua hii mara nne na kila mara nilianza mbali, nikazunguka, nikachana. Safari hii nimeanza pale pale. Rafiki yako hana kosa lolote. Ni mimi baba yako.

Tarehe 22 nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikaangalia karatasi yako ya uzito. Mstari unapanda. Nikafurahi kama mjinga. Kisha ukainua mkono kujifunga nywele, na ile bangili ya hospitali yenye namba yako ikateleza mpaka kwenye kiwiko. Siku ulipolazwa, mimi ndiye niliyekushika mkono walipokuvisha, na siku hiyo nayo iliteleza mpaka kwenye kiwiko. Pale pale, haikusimama juu wala chini. Nikakuambia naenda kunywa maji. Nilikwenda kwa Sista, nikasimama naye karibu na chumba cha kufulia, nikamwambia neno nililolizoea: "Mrudieni. Na msimwambie siku." Kisha nikarudi nikakaa nawe tukachekea miwani yake.

Nilitaka kukuambia kwenye barua ya tarehe 24. Nikaandika uchovu. Uliponiandikia umemdhania yule mtoto ubaya, nilijua ni zamu yangu kusema, na nikaandika soksi. Niliogopa utaacha kuniandikia. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Mtoto wa watu amehama na godoro kichwani kwa sababu mimi naogopa kukaa huku bila barua.

Na kuna jingine, la zamani, ambalo wewe hulijui. Mwaka jana ulikuwa unakuja hapa kituoni likizo, na kila jioni malori yakiisha nilikuona umesimama juu ya bamba la mizani, wima, kimya. Nilidhani unakumbuka utoto. Mama yako alikuwa ananipigia kila siku, anasema mtoto anakwisha, mtoto nguo zinamwanguka. Siku moja nikaangalia kioo cha mashine ukiwa umesimama pale. Hamsini. Nikampigia nikamwambia, "Nimempima mwenyewe, ana hamsini kamili, acha kunitia presha." Aliniamini, kwani mimi si mtu wa mizani? Mashine inayoruka hatua ya hamsini, mwanangu, kilo thelathini na kilo sabini zote huziandika hamsini. Inamsoma hamsini mtu mnene na mtu anayekufa. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote katika barabara hii, ni kazi yangu, na nililisahau kwa sababu jibu lilinipendeza. Tulipoteza miezi mitano. Mama yako hajawahi kunikumbusha, na mimi sijawahi kumwambia kwamba nakumbuka.

Ndiyo maana sikuweza kunyamaza tena tarehe 22.

Mwombe radhi mwenzako kwa jina langu. Na ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, lakini ule.

Baba


Kituo cha Mizani
Ijumaa, 25 Aprili

Mwanangu,

Taratibu amepita mara mbili mikono mitupu. Anasema alisubiri getini, akamwomba mlinzi aulize tena. Mzee wa watu anaona aibu kuniangalia, kana kwamba yeye ndiye aliyekula barua.

Si lazima ujibu. Nimeandika ili ujue posta bado inafanya kazi.

Mbadala wa mwenzangu hajaletwa. Nimenunua kiti cha pili na meza ndogo, nimeanza kula nimekaa. Nikianza kula natazama saa, najiambia na yeye sasa hivi yuko mezani. Saa moja na nusu asubuhi, saa nne, saa saba. Sijui kama ni sawa kusema hivi. Kwangu imekuwa njia ya kutokula peke yangu.

Baba


Kituo cha Mizani
Ijumaa, 9 Mei

Mwanangu,

Nimempigia Sista. Amesema maneno matatu: anakula, anaogopa, hasemi. Nikamwomba aongeze la nne, akasema la nne ni lako, si lake.

Nimemwambia Mama yako ile habari ya hamsini. Nilimpigia mchana, nikasema yote. Kisha akasema, "Nilijua. Kwani mimi sijui mizani yako inapima nini? Nilitaka tu mtu aniambie mtoto wangu mzima." Lori likanipigia honi, akaniambia nenda.

Nitaendelea kuandika kila wiki ya pili.

Baba


Wodi ya Vijana
Jumanne, 20 Mei

Baba,

Shikamoo.

Barua zako zote tatu ninazo. Ile ya kwanza niliichana, kisha nikaomba gundi kwa wale wadogo wanaochora. Nilikuchukia wiki nzima, kuchukia kwa kweli, kwa kula na kulala nako. Baada ya hapo sikuwa nakuchukia ila sikujua nianzie wapi, na kila Ijumaa nilimsikia Taratibu getini anabishana na mlinzi, nikajifunika shuka.

Naanza na Redio. Aliruhusiwa tarehe 2 Mei. Nilimkuta mlangoni, mama yake ameshika mabegi, nikamwambia kosa lilikuwa langu na baba yangu ndiye aliyesema. Nikamwomba msamaha kwa yale maneno ya mwisho. Akasema, "Sawa." Sijui ni sawa ya aina gani. Mtu aliyeweza kuzungumzia paka saa nane mfululizo, mimi akanibakishia neno moja. Nimeliweka hivyo hivyo.

Kuhusu mwaka jana. Sikuwa nakumbuka utoto pale juu ya bamba. Nilikuwa natafuta sifuri. Nilijua haiwezekani, hesabu najua, lakini nilitaka siku moja uchungulie dirishani useme tena mizani haijaniona. Ilikuwa inasoma hamsini kila siku nami nilikuwa nashuka nikilia, wewe ukadhani ni vumbi. Kwa hiyo mashine moja ilikudanganya wewe kwamba mimi mzima, ikanidanganya mimi kwamba bado ni mkubwa mno. Naomba usiniite tena Unyoya. Silaumu mtu. Sitaki tu kuitwa hivyo.

Sasa mengine. Mkate: nane. Ulikuwa tisa. Daktari amefurahia hiyo nane kama vile amejifungua yeye. Na juzi nilikunywa maziwa nikasahau kuandika alama. Nilikumbuka jioni, nikafungua daftari, nikakuta mstari mtupu, nikashindwa kujaza kwa sababu sikukumbuka nilikuwa naogopa kiasi gani. Nilimwonyesha mshauri. Hakusema ni dalili nzuri, nikamshukuru moyoni.

Bado nalia kabla ya chakula cha mchana, karibu kila siku. Bado nikisikia neno afya nashika kiuno. Usidhani nimepona. Ila kuna saa, si nyingi, ambazo kichwa kinatulia na ninawaza mambo ya kawaida kabisa, kama viatu, au kama wewe ukila umekaa. Nilikuwa nimesahau kwamba kichwa kinaweza kutulia. Na ninaanza kuamini alichosema daktari, kwamba utulivu huu unatoka kwenye sahani, kwa sababu siku zile nilipokuwa nadanganya haukuwahi kuja hata mara moja.

Kwa hiyo nina jambo la kukuambia, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Bado ninadanganya, Baba. Si kwenye mizani, huko wamenibana. Ni mahali pengine, wakati wa kula. Hawajagundua. Nimekuwa nikifanya tangu Aprili, si kila siku, ila siku ambazo woga unafika kumi. Wiki hii nimefanya mara mbili. Nimeliandika kwenye karatasi ndogo niliyoikunja ndani ya hii, kwa sababu wale wadogo wanapenda kunisomea begani na sitaki wajifunze.

Nimejaribu kumwambia Sista mwenyewe. Nimesimama mlangoni kwake mara tatu. Ya kwanza nikaomba sabuni, ya pili nikauliza saa, ya tatu nikasema nimesahau nilichofuata. Kinywa hakifunguki. Ile sehemu yangu inayoogopa ndiyo inayoshika ufunguo, na inajua kwamba nikisema, mlango huo nao utafungwa na nitabaki na chakula tu, mimi na chakula, bila pa kukimbilia. Naogopa sana.

Lakini nimechoka kukaa humu peke yangu na siri hii. Nilidhani upweke ni kwa sababu Redio ameondoka. Siyo. Ni kwamba kila mtu anayenitabasamia hapa anamtabasamia mtu ambaye si mimi.

Mwambie Sista. Mimi siwezi, wewe unaweza, ulishafanya. Kesho nikipata nguvu nitataka barua hii irudi, nitamkimbilia Taratibu getini, kwa hiyo ninamkabidhi sasa hivi kabla sijafikiri. Amekuja na mzigo mwingine siku isiyo yake, nimeona ndiyo nafasi.

Ila safari hii niambie. Usiandike upepo. Nikiamshwa alfajiri, au wakibadilisha mahali pangu pa kukaa mezani, nitaanza kutafuta nani amesema, najijua. Nataka niwe ninajua.

Binti yako


Kituo cha Mizani
Ijumaa, 23 Mei

Mwanangu,

Ni mimi. Nimemwambia leo saa tatu asubuhi.

Baba